Mama, Sare Usiirudishe

Johannesburg,
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine juu yake, maana moja haitoshi kwa muda wote huu. Goti linasemaje msimu huu wa kuchuma? Natumaini hubebi ndoo za kahawa mwenyewe, ingawa nakujua, unabeba. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Baridi ya huku Bondeni inapasua midomo na chumba changu hakina hata jiko la mkaa la kuotea, kwa hiyo nalala na soksi mbilimbili. Ugali upo, ila wa huku ni laini mno, mkono hauridhiki nao. Na wageni tunatembea na karatasi zetu mfukoni hata tukienda dukani tu. Nimeshazoea, usiwaze.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu nikigusa jambo zito kwenye simu unasema mtandao unasumbua, halafu unakata. Barua huwezi kuikata. Nampa Baba Neema, yule dereva wa lori wa pale Chapwa, anaondoka kesho kuja huko. Akishavuka mpaka Tunduma atapita Nanyala na kumwachia mdogo wangu Yusta, naye atakuletea Hasamba.

Sasa jambo lenyewe. Yusta ameniambia. Usimgombeze, mimi ndiye niliyembana mpaka akasema. Kwamba mwalimu mpya wa kwaya anataka kurekodi video baada ya mavuno, na amekuomba ukae pembeni siku hiyo, kwa sababu wenzako wakiinama wewe unainama baadaye, na mstari unaharibika. Ulirudi nyumbani ukaifua ile sare ya kijani, ukaipiga pasi, ukaikunja, na Jumapili ya shukrani ya mavuno unataka kuirudisha kwa katibu na kuacha kuimba kabisa. Mama, niliposikia nilikasirika, chakula kikanishinda. Baadaye hasira ikapungua nikaanza kuwaza, na nilichowaza ndicho ninachotaka kukueleza. Ni kirefu kidogo, vuta kigoda.

Kila nikikuambia kazi yangu unasema haya, Mungu akusaidie, na hapo najua hujaelewa. Iko hivi. Kuna bendi ya watu watatu. Hawana gitaa wala ngoma, wana mashine zenye vitufe na nyaya nyingi kama utumbo wa ng'ombe, na humo ndimo muziki unamotoka. Nyuma yao kuna skrini kubwa kama ukuta wa ghala la kahawa. Mimi nakaa nyuma kabisa ya watu, gizani, na kompyuta yangu, natuma picha kwenye ile skrini wakati muziki unapigwa. Si filamu iliyokwisha kutengenezwa. Natuma hapo hapo, kwa mkono, wimbo ukipanda napandisha, ukitulia natuliza. Picha nyingine ni rangi tu. Nyingine ni zile nilizopiga nilipokuja likizo, kahawa mbichi inavyozunguka kwenye maji ya kuoshea. Watu wa huku wanadhani ni nyota. Kahawa yenyewe wanainywa wamesimama, kwa bei ambayo nikikutajia utaacha kuchuma uje huku kuwauliza vizuri.

Ufundi huu niliuanzia Chapwa, unakumbuka, kwenye ile studio ya video za kwaya. Kila kwaya ilitaka maporomoko ya maji nyuma yake. Kwaya moja kutoka Ileje ilitaka bata weupe, na mzee mmoja wa kanisa akang'ang'ania ndege ya abiria ipite juu ya waimbaji. Nikaipitisha.

Basi, mwezi uliopita mkuu wa bendi, dada mmoja anaitwa Lindiwe, alileta programu mpya. Kompyuta inasikiliza mdundo yenyewe, ukipigwa tu, picha inaruka, haikosei hata kidogo. Akaniambia kwa upole kwamba wakiizoea hawatakuwa na haja ya kusafiri na mtu wa picha. Nilijua maana yake. Nikawaza kodi ya chumba, nikawaza karatasi zangu ambazo zinasimama kwa hii kazi. Sikukuambia kwa sababu ungeanza kufunga na kuomba, na goti lile.

Waliijaribu kwenye onyesho moja Pretoria. Nilikaa pale pale nimeweka mikono mapajani kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Kila mdundo ulipata picha yake, papo kwa papo. Wimbo wa kwanza watu walishangilia. Wa pili wakatulia. Ilipofika wa tatu, wengi walikuwa wameinamia simu zao, na ile skrini kubwa inarukaruka peke yake.

Tukiwa tunakunja nyaya Lindiwe akaja, hana raha. Akaniuliza, "Wewe huwa unafanya nini ambacho hii haifanyi?"

Nilimwambia anipe siku chache. Nikaanza kutazama maonyesho yetu ya zamani waliyorekodi, narudia sehemu ileile mpaka macho yanauma. Ndipo nikaona kwamba mimi huchelewa, Mama. Kidogo sana, lakini kila mara. Mdundo unapigwa, halafu picha inakuja, kama mtu aliyeitwa akageuka. Niliogopa. Nilidhani nimeona kasoro yangu, na nikimwambia Lindiwe ndiyo nimejifukuza mwenyewe.

Nikajiuliza nimeyatoa wapi haya. Nikafungua ile video ya kwanza ya kwaya yenu, niliyoikata na kuiunga mwenyewe Chapwa. Wewe uko mstari wa pili, upande wa dirisha. Wote wanainama, halafu unainama wewe. Na kila mahali nilipobadilisha picha, nilibadilisha ulipoinama wewe. Video nzima. Sikujua hata siku ile kwamba nakufuata wewe. Nililia peke yangu chumbani, nakuambia ukweli.

Nilikuuliza nikiwa mtoto, tukichambua kahawa kichanjani, kwa nini huinami na wenzako. Hukuacha kuchambua. Ulisema, "Wale wanahesabu. Mimi nasubiri wimbo unifikie."

Hayo ndiyo niliyomjibu Lindiwe. Aliomba aione hiyo video, akaitazama mara mbili na maporomoko yake yote ya maji. Ile programu ameibakiza kwa nyimbo mbili za haraka, zilizobaki ameniachia mimi. Mwakani sijui itakuwaje, huenda akabadilisha mawazo. Kwa sasa nipo, na ni kwa sababu yako.

Kwa hiyo nakuomba, kama barua hii itakukuta sare bado iko nyumbani, ivae. Usigombane na mwalimu, ni kijana, anataka kitu kizuri na hajui bado kinakaa wapi. Mwambie tu kwamba hiyo video atakayeikata ni mwanao, bure, na bata nitamwekea akiwataka. Mwambie na masharti yangu: mama yangu asimame mstari wa pili, upande wa dirisha.

Nisalimie Baba, mwambie redio yake nimeipatia betri, Baba Neema anayo. Msalimie Shangazi wa Ileje akija kuchukua mbegu, na Bibi mzaa baba, mwambie bado naongea Kinyiha, ingawa huku naongea na ukuta. Yusta nitampigia.

Na siku ya kurekodi, Mama, wakiinama wote usikimbilie kuwafuata. Ngoja wimbo ukufikie, ndiyo uiname. Mkono wangu utakuwa unakusubiri.

Mwanao anayekupenda,
Atupele