Gitaa la Mama Rogathe Limetoa Siri

Mama Evangelina, epua sufuria kwanza usome hili. Mama Rogathe ametuaibisha kanisani!

Lile gitaa la umeme la kulaza mapajani, alilolichonga mwenyewe kwa ubao wa mninga, leo amelipeleka kwa Mwalimu Raphael wa kwaya. Likimpendeza, litapigwa Jumapili. Lisipompendeza, likawe ubao wa kukatia mboga.

Fundi redio alikuwa amemsihi auchovye kwenye nta ya moto ule waya aliouzungushia sumaku, la sivyo gitaa litanasa hata maneno ya watu. Akamjibu, "Gitaa halina masikio, kaka."

Basi, likaunganishwa kwenye spika. Mwalimu akaanza kuimba ili gitaa limfuatishe. Mama Rogathe akainama juu ya nyuzi, akaninong'oneza mimi niliyekaa kando yake: "Huyu akiimba, ng'ombe wa kule Sigino wanaacha kunywa maji."

Spika ikayasema yote. Yote, mama! Kanisa zima likasikia: "Ng'ombe wa kule Sigino wanaacha kunywa maji!"

Mwalimu akavua miwani polepole. "Gitaa limefaulu, Mama Rogathe. Nimesikia kila neno. Jumapili utalipiga, nami nitaimba peke yangu, beti zote sita."

Sasa hivi Mama Rogathe yuko jikoni kwake, anayeyusha mishumaa apate ile nta.