Laini ya Mwalimu Paskazia

Jumanne. Mawingu tangu asubuhi hapa Pasiansi, mvua hakuna. Nimechoka kidogo, si sana.

Leo nimerudi Kisesa kurekebisha kosa langu mwenyewe.

Wiki iliyopita nilipeleka intaneti kwenye kituo cha afya cha huko. Kiko mbali na mitambo ya kampuni yetu ya simu, na waya wa simu kadiri unavyokwenda mbali ndivyo intaneti inavyopungua. Daktari anatuma picha za ultrasaundi za wajawazito hospitali ya mjini. Kwa laini moja, picha ilichelewa mpaka mama anaondoka bila majibu. Dawa yake ni kuunganisha laini kadhaa zifanye kazi kama moja. Nilihitaji tatu. Kwenye kabati la nyaya la barabarani nilikuta mbili ziko wazi. Ya tatu ilikuwa na mteja, ila kumbukumbu zilionyesha haijapiga wala kupigiwa kwa miaka.

Niliichukua. Sikuuliza mtu.

Jana mwenyewe alikuja ofisini. Mwalimu Paskazia, mama wa Kihaya, mstaafu, nyumba yake imepakana na kituo hicho hicho. Hakugomba. Alisema tu kwamba simu yake ya mezani imekufa.

Leo nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanipa kiti. Nikakiri kuwa ni mimi. Nikamweleza laini yake inafanya kazi gani sasa, nikitumaini atasema basi, iache. Nikataja na simu za mkononi. Anayo, alinionyesha.

“Mwanangu Deo alikwenda Afrika Kusini kabla sijanunua hii,” alisema. “Namba anayoijua ni ile ya mezani.”

Sikuuliza hajapiga tangu lini.

“Wale akina mama usiwanyang'anye,” akaongeza. “Lakini na mimi unirudishie.”

Sauti na intaneti hupita kwenye waya mmoja bila kugombana, ukifunga kichujio kidogo tu cha kuvitenganisha. Nalijua hilo tangu chuoni. Wiki iliyopita nilikuwa na haraka. Basi laini nikaiacha kituoni, nikaichuja sauti yake, nikavuta waya kutoka ukutani pale, juu ya ua wa minyaa, hadi sebuleni kwake. Daktari akatuma picha. Ikaenda vizuri.

Ikabaki kujaribu simu. Nilisimama uwanjani kwa kituo, nikapiga namba yake.

Mlio wa kwanza haukuisha.

“Deo?”

Ikabidi nijitambulishe.

“Ni fundi, mwalimu. Nilikuwa najaribu.”

“Asante, mwanangu. Inasikika vizuri.” Akaweka simu.

Nilikusanya vifaa, daktari akasaini fomu, nikarudi mjini. Kazi imekamilika na sina cha kulalamikia.

Ila nilikuwa sebuleni kwake dakika tano tu kabla ya kupiga. Ningeweza kumwambia kwamba atakayepiga ni mimi.

Kwa nini sikumwambia?