Kifurushi Kwenye Mpera

Jumanne

Nikifumba macho bado niko pale chini ya mpera.

Kitabu cha misitu ninachokitafsiri kutoka Kihispania kwenda Kiingereza kinasema: menya ganda la tawi likiwa bado mtini, lizungushie udongo wenye unyevu, funga kwa nailoni, ungoje mizizi. Nilikuwa na maneno mawili ya Kiingereza na sikujua lipi ndilo la kazi hiyo. Siwezi kutafsiri nisichokiona. Nikafunga tawi la mpera wetu, hapa uani kwetu, mtaani Shieywe.

Tangu hapo, wiki kadhaa sasa, Mama Nekesa, jirani yangu, hanisalimii. Niliogopa nimempoteza.

Leo jioni akaja na chupa ya maji yaliyoombewa kanisani.

"Dada, niambie tu ukweli. Hicho kitu umemfungia nani?"

Nilikasirika kudhaniwa mchawi. Nikaifungua nailoni mbele yake. Mizizi! Myeupe, myembamba kama nywele za mtoto mchanga. Tulisimama kama watu walio ndotoni.

Akafungua chupa. Nilidhani ataninyunyizia mimi. Akaimwagia mizizi, polepole, mpaka tone la mwisho.

Neno nimelipata. Kitabu hakitaji maji yale. Natamani kuyaongeza.