Mteremko wa Kwenda Kiwandani

Baba,

Msalaba wako tumeusimamisha tena, mvua ilikuwa imeuinamisha. Mama amerudi kuchuma chai. Haimbi siku hizi. Jioni bado anakutolea kikombe, halafu anakirudisha kabatini, na sisi tunaangalia kando.

Nataka kukuambia jambo la shuleni, ingawa ulisema masomo yangu ya Kizungu yanakuumiza kichwa. Kabla ya kufunga shule, mwalimu aliandika hesabu ubaoni: gari limesimama, linaanza kwenda, kila sekunde mwendo unaongezeka kwa futi tatu kwa sekunde. Baada ya sekunde ishirini lina mwendo gani, na limefika wapi? Wenzangu waliinama wakaandika. Mimi niliona lori lako.

Nilikumbuka ile likizo tuliyokaa mbele sisi wawili, majani ya chai yamejaa nyuma. Juu ya mteremko ukatoa gia, ukazima injini. "Hapa petroli ni ya bure, kijana yangu! Sikia vile kumenyamaza." Upepo tu, na matairi, na wewe unacheka. Nikacheka pia.

Nilipata: futi sitini kwa sekunde, umbali futi mia sita. Halafu mwalimu akageuza swali. Breki ni zile zile, mwendo ni mara mbili; gari litahitaji barabara kiasi gani ndiyo lisimame? Nikasema mara mbili. Ni mara nne, Baba. Mara nne.

Siku uliyotuacha, wanasema majani yalikuwa yameanza kupata joto, ukaogopa yataharibika. Ukaacha lori liteleze bila gia mpaka likapita ule mkaratusi ulipozoea kufunga breki. Najua ulizifunga baadaye. Alama za matairi niliziona, ndefu, mpaka pale kwenye kona. Barabara ndiyo iliisha... Nilimwomba mwalimu ruhusa, nikaenda kulia nyuma ya darasa.

Sasa ni Kiprono. Wamempa kaka kazi yako, anaanza Jumatatu. Jana tukila alikuwa anaonyesha kwa kijiko: "Pale juu natoa gia, naliacha liteleze, kama mzee!" Mama akatabasamu, mara ya kwanza tangu tukuzike. Nikanyamaza. Unanijua, hata kuomba chumvi naona haya. Tena kumkataza Kiprono ni kama kukusema vibaya mbele ya Mama, na yeye ameshaumia vya kutosha.

Lakini nikinyamaza, tutachimba tena hapo kando yako.

Kwa hivyo nakuahidi, Baba. Jumatatu nitapanda naye. Tukifika juu nitashika mkono wa gia asiitoe, injini ilizuie lori. Acha acheke, acha aniite profesa, acha anipige kofi hata. Siuachilii mpaka tufike kiwandani.

Pumzika sasa. Ukisikia injini inanguruma mteremko wote, ujue ni sisi.

Mwanao,
Kipngeno