Mukuyu wa Nkambo Umekausha Samaki

Kamina, kambi ya reli

Kwa mdogo wangu Banza, Kinkondja.

Kwanza Mama. Mguu wake umepona, anafika ziwani mwenyewe? Sisi hapa tuko wazima. Mke wangu naye ni mzima, ingawa tangu juzi hataki kusikia jina lako.

Shemeji Kabange alitufikishia kapu lako la samaki. Tulikula, tukakusifu. Ndipo Kabange, akilamba vidole, akasema, "Mwaka huu Banza hana shida ya kuni. Mukuyu ya nkambo njo ilikausha hii samaki." Alidhani nitacheka. Mke wangu akasukuma sahani, nami nikatoka nje.

Banza, una akili kweli, kuukata mti wa babu uwe kuni? Mimi nilikuja hapa kubeba mataruma ya reli, leo nasimamia watu ishirini, na hesabu ya kuni naijua. Mukuyu ni mti wa maji: moshi mwingi, moto kidogo. Mizigo yake mitatu haifikii mmoja wa miombo. Hata kwa tamaa yako umepata hasara.

Lakini si kuni ninazolilia. Nkambo, baba wa baba yetu, alipofika pale alichomeka tawi la mukuyu, akasema likishika, wenye udongo huu wametupokea. Likashika. Chini yake tulipakwa pemba, ule udongo mweupe wa baraka, tukapewa majina. Kiangazi kikikausha kila kitu, njiwa na popo walikula kwetu, maana matunda yake hayangoji mvua. Na watu wa ng'ambo ya kijito walipodai ufuko wetu wa mitumbwi mbele ya bwana wa serikali, wazee hawakusema mengi. Waliuonyesha mti. Bwana akauliza nani aliupanda, na hata wale wapinzani wakamtaja nkambo wetu. Kesi ikaisha. Wakirudi sasa utawaonyesha nini, majivu?

Kabange anasema uliwajibu wazee, "Muti ni muti, nkambo alishakufa." Basi ufuko nao ni mchanga tu. Wape.

Sikiliza. Mukuyu ukikatwa haufi upesi. Kisiki usikiguse, usiwashe moto karibu nacho. Kizungushie uzio mbuzi wasifike, na kila chipukizi liache. Kama kuna tawi bichi lililobaki, lichomeke palepale kabla mvua hazijakwisha, Mama akiwepo. Na kama umeshang'oa kisiki, usiniandikie. Panda masua hapo ziwani, kisha treni, uje uniambie mwenyewe.

Msalimie Mama, na mjomba Kasongo anayetuchongea mitumbwi, na shangazi Ngoie aliyetulea. Kwao sina neno baya.

Mkubwa wako anayengoja habari ya kisiki,
Ilunga