Ijumaa Niliyokula kwa Kaka

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Kile kikohozi kimekuachia? Na mama je, analala vizuri, anameza vidonge vyake bila kusukumwa? Mimi sijambo, masomo yananibana lakini sijalegea. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, kwa sababu ukiongea na mimi mama hukukalia begani asikie kila neno, na haya ya leo hayafai masikio yake. Barua hii usiiache ovyo.

Ijumaa mhadhiri wa mchana hakutokea, tukaachwa huru. Nilikuwa sina koti jeupe wala viatu vya kufunika vidole, na wiki hii tunaanza mafunzo hospitalini. Nikatoka na mwenzangu wa chumbani, yule tunayemwita Kijiko kwa kupenda kula. Tulizunguka maduka mpaka nyayo zikawaka moto. Koti la kwanza lilinimeza, la pili mikono yake iliishia viwikoni, na muuzaji akaapa kwamba ndio mtindo. Kijiko akamwambia labda mtindo wa wauza samaki. Mwishowe koti likapatikana, na viatu, nikaongeza shati la bluu la mikono mirefu kwa ajili ya kaka.

Unajua tangu nifike huku kaka alikuwa akinipiga chenga. Mara yuko zamu, mara bosi wake mkali hataki wageni. Mahali anapopika aliponyokwa tu siku moja akanitajia, mgahawa wenye milango ya kijani nyuma ya maduka ya vitambaa. Nikamwambia Kijiko twende tukale huko, nimshtukize. Nilikuwa na furaha, dada. Nilijiona tayari nampelekea mama habari.

Tukaagiza wali na nyama. Wali ulikuwa na kiini, nyama ngumu kama soli, mchuzi umepoa mpaka mafuta yameganda juu, na chumvi utadhani wamepika kwa kisasi. Kijiko, ambaye sijawahi kumwona akibakiza kitu, alisukuma sahani. Akamwita mama mwenye mgahawa aliyekuwa kaunta, miwani puani, akamweleza kwa adabu lakini bila kuficha. Yule mama hakukasirika. Aliomba radhi, akageukia jikoni akaita, "Mkwe, hebu njoo usikie mwenyewe."

Aliyetoka akifuta mikono kwenye aproni alikuwa kaka yetu.

Ana pete kidoleni. Mimi nilikwisha inuka nusu, nataka kumwita, naye akaitazama sahani badala ya kunitazama mimi, akasema, "Samahanini, wateja wangu. Nitawapikia kingine." Nikakaa tena. Kijiko alianza kuelewa, akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu chini ya meza.

Yule mama akadhani tumeudhika, akaanza kumtetea mkwewe. Alisema ni mpishi mzuri, ila siku hizi mawazo yako mbali, maana mkewe ana mimba inayomsumbua na yeye hana ndugu wa kumshika mkono. Hata siku ya harusi hakusimama na mtu wa kwao, kwa kuwa mama yake alishafariki na hakuacha mtoto mwingine. "Mimi ndiye mama yake sasa," alisema, huku akimpapasa mgongo.

Hatukungoja hicho chakula kingine. Kaka alipitia mlango wa nyuma akanikuta uani, kwenye mitungi ya gesi ya mgahawa. Aliniambia kwamba wakati anachumbia, alimsikia yule mama akivunja uchumba wa mpwa wake kwa sababu shangazi wa binti ana ugonjwa wa akili. Akamkumbuka mama yetu enzi zile, anatembea barabarani akiongea peke yake, watoto nyuma yake wanacheka. Ndipo akasema amekufa. Alikusudia kurekebisha baadaye, lakini kila akitaka kuanza anaona jambo limeshakuwa kubwa.

Nilimweleza kwamba mama amepona miaka mingi, anashona nguo za watu, na kila jioni anamuulizia yeye kabla hajamuulizia mtu mwingine. Alilia, lakini aliendelea kunisihi nisikwambie. Nikamwambia nitakwambia, na mtoto huyo akizaliwa bibi yake atakwenda kumwona, awe ametubu kwa wakwe au hajatubu. Akasema nitambomolea nyumba. Nikamjibu kwamba aliyeijenga juu ya kaburi la mtu aliye hai ni yeye. Shati nilirudi nalo, nikampa mlinzi wa bweni.

Ukiishia hapo utaniona shujaa. Lakini kuna mahali nimeparuka, dada, na ndipo hasa nilipotaka kufika. Yule mama alipomaliza kusema alinitazama mimi, akingoja niseme neno. Nafasi ilikuwa wazi. Ningesema tu, huyu ni kaka yangu. Badala yake nilimtazama kaka usoni nikamwambia, "Pole kwa kufiwa na mama." Naye akanijibu, "Nimeshapoa."

Nilidhani namchoma. Lakini sauti iliyonitoka ilikuwa ya kawaida kabisa, kama ya mtu yeyote anayempa pole asiyemjua, na yule mama akanishukuru kwa utu wangu. Yaani tulimzika mama sisi wawili, wanawe, juu ya meza ya mgahawa. Tangu siku hiyo simu ya mama yetu ikiita naitazama mpaka inyamaze.

Mwambie niko salama, nimebanwa na mitihani. Msalimie jirani yetu fundi saa na watoto wake wote. Likizo nikifika nitakaa na mama chini, nimwambie mwenyewe alichosema kaka na nilichosema mimi. Tafadhali usinitangulie.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba