Mikeka ya Chumba chenye Dirisha

Kagami, 6 Aprili 1983

Mjukuu wangu Shunpei,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima. Mgongo unalalamika, lakini huo ulianza kulalamika baba yako hajazaliwa na sijawahi kuusikiliza. Wewe hujambo? Mama yako anasema huli tangu majibu yabandikwe. Kula.

Umefeli mtihani wa kuingia chuo mara ya pili. Nimeshasikia, postimasta ameshasikia, muuza tofu ameshasikia, kwa hiyo usipoteze wino kunieleza. Mimi nilisoma miaka minne tu, na hiyo minne nusu yake nilikuwa shambani. Barua hii naiandika kwa herufi za watoto, zile ngumu sizijui. Lakini nimetandika mikeka ya tatami katika mahekalu kumi na tisa, na hakuna kasisi aliyewahi kuinua hata mmoja akasema huu umepinda.

Sasa sikiliza makubaliano. Mwaka mmoja zaidi. Machi ijayo ukifaulu, nenda chuoni kwako na mimi nitanyamaza. Ukifeli, unarudi kushika sindano. Baba yako alikimbilia reli, na baada yangu karakana hii haina mtu.

Kyoto utakaa kwa Sugie, yule mjane. Nyumba yake niliitandika mwenyewe mwaka wa 1951, vyumba vyote. Siku hizi anapangisha wasichana watupu. Usicheke. Mwaka jana mwizi wa nguo za ndani za kike aliingia uani mara tatu, na polisi wa mtaa akamshauri Sugie aanike nguo za kiume kambani ili mwizi adhani mna mwanamume. Akaniandikia kuniomba suruali kuukuu. Nikamjibu kwamba suruali bila mtu ni tambara tu, namtumia na mtu wake.

Mtu mwenyewe ndiye wewe. Wasichana wako watano, wote wake zangu, usije ukajisahau.

Babu yako,
Torakichi

*

Kyoto, 12 Juni 1983

Babu,

Shikamoo. Natumaini mgongo hujambo, na Mama hajambo. Mimi ni mzima isipokuwa paji la uso, nitakueleza.

Nimepewa chumba chini ya ngazi. Ukubwa wake ni mikeka mitatu, hakina dirisha, na kila mtu akipanda juu vumbi linaniangukia kwenye kitabu. Naoga wa mwisho katika maji yale yale, baada ya wanawake sita, kwa hiyo maji yanayonifikia ni supu. Mlangoni kwa bafu kuna kibao, upande mmoja kimeandikwa kuna mtu, upande wa pili hakuna. Wiki iliyopita Kuniyo, yule nesi, alisahau kukigeuza. Alinipiga beseni la mbao kabla sijafungua macho vizuri. Halafu alinifunga bandeji mwenyewe, huku akinitukana.

Suruali zangu mbili ziko kambani saa zote. Nikiuliza, Bi. Sugie ananijibu, "Wewe utavaa nini na wewe unasoma tu? Ziache zifanye kazi." Nikienda darasa la matayarisho huwa nimevaa iliyolowa.

Kuna mwingine, Itsuko, anafanya kazi ya kuwaongoza watalii ndani ya basi. Kila asubuhi anafanya mazoezi ukumbini. Jana nilipotoka chumbani akanyoosha mkono, "Kushoto kwenu, mabibi na mabwana, mwanafunzi aliyefeli mara mbili. Alijengwa mwaka wa 1963 na mpaka leo anavuja." Wote wakacheka. Hata mimi nilicheka, Babu, kwa sababu aliyasema kwa sauti nzuri.

Nimechoka kidogo. Nasoma saa kumi kwa siku na yale niliyosoma Jumatatu yanakimbia Jumatano.

Mjukuu wako,
Shunpei

*

Kagami, 20 Julai 1983

Mjukuu wangu,

Salamu. Mimi ni mzima, na joto ni la kuua ng'ombe. Tumemaliza kuvuna majani ya mikeka. Vijana wa kukodi walilala chini saa nne asubuhi, mimi nina miaka sabini na minne na niliendelea hadi adhuhuri, tope mpaka masikioni. Mwanamke wa jirani alisimama akanitazama. Mwache atazame.

Usikate tamaa na beseni. Bibi yako alinipiga kwa kitu kizito zaidi ya beseni, na tulikaa miaka arobaini na mmoja.

Majani ya mwaka huu ni marefu, sijaona kama haya tangu vita viishe. Nataka kukushonea mikeka mipya ya chumba chako, maana ile niliyoweka mwaka wa hamsini na moja itakuwa imekwisha. Kwa mkono, si mashine. Nitumie vipimo. Pima pande zote nne na kutoka kona hadi kona, maana hakuna chumba duniani kilichonyooka, na mkeka wa chumba kimoja haukubali kulala kingine. Hilo ulijua ukiwa na miaka sita, sijui kama hisabati zao wamekuachia.

Babu yako,
Torakichi

*

Kyoto, 25 Septemba 1983

Babu,

Shikamoo. U hali gani na joto? Huku limepungua. Samahani kwa kuchelewa. Nimefanya mtihani wa majaribio na sitakuambia nimepata ngapi.

Vipimo nimeviandika nyuma ya karatasi hii. Ni chumba cha mikeka minne na nusu. Ule wa nusu unakaa katikati. Nimepima mara tatu. Upande wa dirishani kuna nguzo imechomoza, nimeichora.

Habari za nyumbani si nyingi. Itsuko anakohoa tangu mvua za Juni. Mikeka ya chumba chake imeota ukungu, ukiikanyaga inatoa vumbi kama unga, na yeye anaishi kwa sauti yake. Kampuni imemwambia ikifika Mwaka Mpya sauti haijarudi, watamhamishia kuosha mabasi. Hamwambii mtu. Mimi niliambiwa kwa sababu nilikuwa nimekaa ngazini nikishindwa kukariri miaka ya mashoguni, wale watawala wa zamani, akakaa ngazi ya juu yangu, akanifundisha kwa sauti ya kukwaruza jinsi anavyowaambia watalii. Sasa siisahau ile miaka. Lakini naisikia ikikohoa.

Karatasi imejaa. Usifanye kazi juani.

Mjukuu wako,
Shunpei

*

Kagami, 18 Desemba 1983

Shunpei,

Salamu. Hali ni ya kawaida.

Vipimo nilivipata. Nimekisoma chumba chako. Watu husema sijui kusoma, lakini nipe pande nne na pembe mbili nitakuambia nani aliyekijenga na alikuwa amelewa kiasi gani.

Mikeka imeondoka jana kwa treni ya mizigo, minne na wa nusu. Nyuma ya kila mmoja nimeandika namba ya mahali pake. Nimechukua muda mrefu, usiulize. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimelala tangu Oktoba na havitaki kuamka. Lakini vilivyobaki bado ni vingi kuliko vya mafundi wa siku hizi, wanaobonyeza kitufe.

Kona nimezifunga kwa suruali yangu ya kazi ili zisivunjike. Mwambie Sugie aianike hiyo. Mwizi akiona kiuno chake atahama mji.

Niandikie kama imekaa.

Babu yako,
Torakichi

*

Kyoto, 2 Februari 1984

Babu,

Shikamoo, na heri ya Mwaka Mpya ingawa nimechelewa tena. Vidole vinaendeleaje? Kuniyo anasema uvikande kwa maji ya moto asubuhi na jioni, na uache pombe ya viazi. Hili la pili nimemwambia asahau.

Mikeka imefika. Imeingia kama meno kinywani, yote mitano. Bi. Sugie alipiga magoti akainusa, akasema ni harufu ya nyumba yake mumewe akiwa hai, kisha akaenda jikoni na hakutoka kwa muda. Chumba kimekuwa chepesi. Nalala vizuri.

Mtihani wa kwanza, ule wa nchi nzima, nimeufanya mwezi uliopita. Asubuhi ya mtihani nilizikuta suruali zangu zote mbili kambani zimeganda, zimesimama zenyewe kama watu wawili wanaongoja basi. Nikavaa yako. Itsuko aliifunga kwa kamba ya kimono chake maana ingeingia watu wawili. Alikuwa anacheka na hakukohoa. Msimamizi wa mtihani aliniuliza kama nimekuja kurekebisha sakafu.

Wa pili ni Machi. Naandika polepole kwa sababu kiwiko cha kulia kimechubuka. Niliteleza ngazini.

Mjukuu wako,
Shunpei

*

Kagami, 22 Aprili 1984

Shunpei,

Salamu. Mimi ni mzima. Wewe sijui, maana hujaandika tangu Februari.

Majibu yalibandikwa mwezi uliopita. Mtoto wa muuza tofu alifaulu chuo cha Kumamoto, na baba yake aliwatumia watu wote tofu ya bure mpaka tukachoka kuila. Kutoka kwako haikuja simu wala barua. Postimasta akipita hanitazami usoni. Basi najua, na usipoteze wino.

Nataka nikuambie mambo mawili, halafu ukae kimya ukipenda.

La kwanza. Ile mikeka si ya chumba chako. Uliniandikia Juni kwamba unalala chini ya ngazi, mikeka mitatu, hakuna dirisha. Septemba ukanitumia vipimo vya mikeka minne na nusu, dirisha na nguzo imechomoza. Nguzo hiyo naijua, iko juu, chumba cha mwisho. Mwaka wa hamsini na moja nilikaa nayo siku nzima nikiitukana, na Sugie akaniletea chai mara tatu ili asikie matusi mapya. Nilijua tangu nilipofungua karatasi yako nani anakohoa humo. Nilikaa nikasema, kama ni mwongo atakuwa mwongo kama mimi. Nikashona.

La pili ni gumu. Mkeka wa nusu, ule wa katikati, ulitoka mkubwa. Niliupima ukiwa umeshafungwa ukingo, umezidi unene wa sarafu mbili. Vidole havikuhisi. Miaka hamsini na nane sijawahi. Nilitaka kuufumua, mkono ukakataa, nikakaa sakafuni karakanani nikitazama sindano. Sikumwambia mama yako. Nikaupakia hivyo hivyo, nikangoja uniandikie kwamba umepanda juu ya wenzake na haulali. Ningejua mambo yangu yamekwisha, basi.

Wewe ukaandika umeingia kama jino.

Mkeka uliozidi hauingii kwa kusukumwa. Lazima mtu afumue upande mmoja, akate majani, akunje, ashone upya, na uzi wa mkeka huvutwa kwa kiwiko. Sugie hawezi kushona hata kifungo. Nesi anashona watu. Na mtu aliyeteleza ngazini huchubuka mara moja, hachubuki kiasi cha kushindwa kuandika.

Nilikufundisha mshono ule ukiwa na miaka tisa, ukalia, ukasema unataka kusoma. Sikudhani mkono wako umebaki nao.

Makubaliano yalikuwa ukifeli urudi. Mimi ni mtu wa neno langu, kila mtu hapa anajua. Lakini sitaki mtu anayerudi kwa sababu mlango mwingine umefungwa. Mshono wa mtu wa namna hiyo hulegea mwaka wa pili. Ukitaka kujaribu mara ya nne, jaribu. Mimi karakana nimeifunga tangu Februari. Nimefunika benchi.

Nimechoka kuandika, mkono ndio huo huo.

Babu yako,
Torakichi

*

Kyoto, 10 Juni 1984

Babu,

Shikamoo. Natumaini unakanda vidole.

Nimefeli. Nilisimama mbele ya ubao mpaka watu wakaisha, nikatafuta namba yangu hata kwenye orodha ya kitivo nisichoomba. Sikuandika kwa sababu ningeandika tu kwamba nakuja, na wewe ungesoma kwamba nimefeli. Sikujua nikueleze vipi tofauti yake.

Ule wa nusu niliufumua mara mbili. Mara ya kwanza nilikata kidogo mno. Itsuko alishika taa, Kuniyo alikalia upande wa pili ili usicheze, Bi. Sugie alikuwa mlangoni anatoa amri kana kwamba yeye ndiye fundi. Ilituchukua Jumapili nzima. Nilipouangusha mahali pake ukatoa ile sauti. Unaijua. Nimesoma miaka mitatu, na hakuna kitu kilichowahi kunijibu hivyo.

Nimekaa miezi miwili nikijiuliza kama nasema haya kwa sababu nimeshindwa. Leo nimepima chumba cha chini ya ngazi, vipimo viko nyuma ya karatasi. Mikeka mitatu, hakuna dirisha, kona moja imepinda vibaya. Wewe usishone. Nitaishona mimi kwenye benchi, na wewe utakaa kwenye kiti unitukane. Mikeka hiyo ni ya mpangaji atakayekuja baada yangu.

Funua benchi. Nafika tarehe 28, kabla mavuno hayajaanza.

Sauti ya Itsuko imerudi, na tangu Machi kampuni imemrudisha kuongoza watalii. Ana likizo ya siku nne na amekata tiketi ya treni hiyo hiyo, sikumwomba. Suruali yako Bi. Sugie ameng'ang'ania ibaki kambani, mwizi hajaonekana tangu siku ilipoanikwa. Lakini Itsuko ameitazama miezi mitano kila anapoanika nguo, na anasema sasa anataka kuja kuona kama mwenyewe anaijaza.

Mjukuu wako,
Shunpei